Fonti ya mwandiko wa mkono kwenye lebo ya achari: kisa kimoja cha Lamu

Walikotoka

Hawa ni mama na binti yake, wa Lamu mjini, wanapika achari. Jina la biashara yao sitalitaja, hapa nawaita Jiko la Mamaa kwa sababu jina lao la kweli nalo linaanza na J na linaishia na herufi mbili zinazofanana, na hayo mambo mawili yatawasumbua huko mbele. Vitu vingine vidogo vidogo nimevibadilisha wasije wakajulikana. Wenyewe wameridhia kisa kiandikwe.

Biashara ilianzia jikoni kweli, embe za msimu, pilipili, kitunguu thomu, siki, bizari, mafuta, chupa zimechemshwa, basi. Embe ilikuwa ya aina mbili, kali na kiasi, halafu ndimu. Mama alikuwa anabandika kwenye chupa kipande cha ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, anaandika kwa makapeni "embe kali" na tarehe, mambo yamekwisha. Na mwandiko wake ni mzuri, ule wa watu waliofundishwa zamani kuunga herufi, m ina vilima vyake vyote, mkia wa y unapinda vizuri. Chupa zikaanza kwenda majumbani, kisha nyumba za wageni kule Shela, wageni wakawa wanazipiga picha na kuondoka nazo. Ukiniuliza mimi, nusu ya kilichokuwa kinauza ile chupa ni kile kipande cha tepu, kwa sababu mtu akikiona anajua kuna binadamu aliyeshika kalamu.

Oda zilipoongezeka mama akawa anaandika mpaka usiku. Binti akamwambia, "Mama, pumzika, nitatafuta fonti, yani herufi za kompyuta zenye sura moja, inayofanana na mwandiko wako." Wazo lenyewe halikuwa baya hata kidogo, na hili naomba msomaji alishike kwa sababu watu wakisikia mwisho wa kisa hurukia kusema fonti za mwandiko ni takataka.

Mambo yalivyokwenda

Binti alidaunlodi fonti moja kwenye simu kutoka kwa saiti ya fonti za bure, ile aina ya mwandiko wa haraka haraka, herufi zimelala kidogo kulia, zinashikana mikia, mistari myembamba, inaonekana kama mtu ameandika kijikaratasi cha kukuachia mlangoni. Akatengeneza lebo kwenye programu ya simu na akaweka fonti hio hio kila mahali, jina la biashara, aina ya achari, viungo, tarehe, bei, namba ya simu, yani kila kitu, kwa sababu ilikuwa nzuri na akataka lebo nzima iwe na sura moja. Akaenda saiba akaprintiwa kwenye karatasi za stika A4, akazikata kwa mkasi.

Kwenye simu lebo ilikuwa inapendeza sana, na lazima ipendeze, kwa sababu kwenye kioo unaivuta kwa vidole inakuwa kubwa kama sahani, wakati chupani ina upana wa vidole vitatu.

Tatizo la kwanza lilitoka Shela. Mpishi wa nyumba moja ya wageni alitoa kwenye friji chupa ya kiasi, kumbe ni kali, akawapa wageni asubuhi na mayai. Ukiitazama ile lebo unaelewa. "Kali" na "kiasi" zote zinaanza na k ndefu, zote zinaishia na i, na kwenye ile fonti herufi za katikati zilikuwa ndogo mno, zimeviringika kama uzi, kwa hio jicho linashika kichwa na mkia wa neno na kukisia yaliyobaki. Hakuna aliyeumia, ila mwenye nyumba akapiga simu, tena si kwa upole.

Namba ya simu nayo. Oda za wateja wapya zilianza kupungua na hakuna aliyejua kwa nini, mpaka mtu mmoja akamwambia binti, "Dada, namba yenu haishiki." Walikuwa wanasoma 1 kama 7. Baadhi ya fonti za namna hii zimechorwa na watu wa Ulaya, na kwa mkono wa nchi nyingi za Ulaya 1 ina mstari mrefu wa kupanda mbele yake, ndo maana wao 7 wanaikata katikati isichanganywe. Kwetu sisi 1 ni kijiti tu, tukiona ile yenye kofia tunasoma saba bila kufikiri. Ile fonti ilikuwa na 1 ya kofia na 7 isiyokatwa, yani mabaya yote mawili pamoja.

Bei ilikuwa imeandikwa 350 kisha ile alama yetu ya mkwaju na sawasawa, na pale palipotakiwa alama ya sawasawa pakatokea kijisanduku kitupu. Fonti ilikuwa ya majaribio, aliyeichora ameweka a mpaka z na tarakimu, alama nyingine kaziacha kwa ile ya kulipia. Binti alidhani ni printa ya saiba.

Kisha likaja la stika. Walitaka stika kubwa za kukatwa, za kubandika kwenye kasha la baridi na kwenye kioo cha duka la ami yake anayewauzia, wakatuma kazi Malindi. Wakatuma faili bila fonti. Kompyuta ya kule ikiwa haina fonti inaweka nyingine yoyote iliyonayo, kwa hio mzigo wa kwanza ulikuja na basi mpaka Mokowe, ukavushwa na boti, ukafunguliwa, na jina limeandikwa kwa herufi za kawaida kabisa kama barua ya ofisini. Wakatuma fonti. Mzigo wa pili ukaja na herufi sawa lakini kila mahali mkia wa herufi moja unapopanda juu ya nyingine mashine ilikuwa imekata zote mbili, ukibandua stika inatoka vipande, kila kiungo kimekatika, na ile mistari myembamba ikabaki imeng'ang'ania karatasi ya nyuma.

Hapo ndo wakaja kwangu niwasaidie na lebo. Mama aliweka chupa mezani, akaigeuza lebo upande wangu akaniuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?" Nikasoma "Fiko la Mamaa." Akamtazama binti yake tu.

Tulivyoamua, na kwa nini

Binti alikuja ameshakata tamaa, anataka tufute yote tuweke herufi zilizonyooka mwanzo mwisho. Mimi nilikataa. Wateja walikuwa wameshaizoea chupa yenye mkono wa mtu, ukiwapa lebo kama ya dawa ya kikohozi umewapokonya kilichowaleta. Swali langu lilikuwa moja, ni maneno gani kwenye hii lebo yanatakiwa yahisiwe na ni yapi yanatakiwa yasomwe? Jina linahisiwa, mtu akishalizoea halisomi tena, analitambua kama anavyotambua sura. Kali au kiasi inasomwa. Viungo vinasomwa, na mwenye mzio anavisoma kwa hofu. Namba ya simu inasomwa tarakimu moja moja. Kwa hio mwandiko ubaki kwenye jina peke yake, mengine yote yaende kwenye herufi zilizonyooka, wazi, zisizo na madoido. Isitoshe chakula cha kufungashwa kinatakiwa kiwe na lebo inayosomeka bila taabu, na ukitaka siku moja kuingia supamaketi hilo huwezi kulikwepa.

Ikaja kuchagua fonti ya jina. Ile ya mwanzo ilikuwa na karatasi yake ndogo ndani ya faili inasema ni ya matumizi binafsi tu. Kuuza chupa si matumizi binafsi. Wangeweza kulipia leseni, ila kwa kasoro zake zote sikuona sababu, tukaenda kwenye zile zenye leseni ya wazi ya SIL, shirika lililoitunga leseni hio, ambazo unaruhusiwa kuzitumia kwenye biashara, kuprinti, kubandika popote, usichoweza ni kuchukua faili la fonti lenyewe ukaliuza peke yake.

Nikamprintia mama jina lake kwa fonti kadhaa, kwa ukubwa ule ule wa chupa, nikazibandika kwenye chupa nikazipanga dirishani akae mbali azitazame. Pacifico, ile nene ya brashi aliyoitoa Vernon Adams mwaka 2011 akifuata mtindo wa wateleza mawimbi wa Marekani wa miaka ya 1950, inasomeka vizuri sana ukiwa mbali, na ndo sababu kila mkahawa wa ufukweni duniani unayo. Mama akasema, "Hii ya disko." Dancing Script akaiita ya kadi ya harusi, na kweli. Mistral nilimwonyesha kwenye kioo tu, hio ni ya kulipia, lakini naipenda kwa sababu Roger Excoffon aliitoa mwaka 1953 kule Ufaransa kwa kufuata mwandiko wake mwenyewe, na akapata shida kubwa ya kufanya kila herufi ya risasi, yani ya madini ya kumwagwa kwa ajili ya matbaa, ishikane na yoyote itakayofuata. Iliyoshinda ni Caveat, ya Pablo Impallari, uzito wake mnene. Haina mbwembwe, inafanana na mtu anayeandika orodha ya sokoni, na J yake ni J.

Sasa ile "maa" ya mwisho wa jina. Kwenye lebo ya zamani zile a mbili za mwisho zilikuwa pacha, moja kopi ya nyingine mpaka kwenye unywele, na hapo ndo uongo wa fonti unapoonekana kwa sababu hakuna mkono unaoandika a mbili sawa sawa. Nilipata njia rahisi ya kumweleza mama. Yeye amesoma chuoni herufi za Kiarabu, anajua he ya mwanzo wa neno si he ya kati na si ya mwisho, sura kadhaa herufi moja, na mkono unajua wenyewe ipi ya kuweka wapi. Fonti nzuri ya mwandiko inafanya kitu cha namna hio hio kwa herufi za Kizungu, ndani yake kuna a zaidi ya moja na kuna maagizo yanayosema ikija ya pili karibu na ya kwanza, badilisha. Caveat inayo hayo. Ila si kila programu ya simu inayasoma, nyingine zinaweka a ile ile, kwa hio jina tuliliandikia kwenye kompyuta, tukawasha hio kazi, kisha tukaligeuza kuwa mchoro, yani si maandishi tena, ni umbo, na sehemu zinazopandana tukaziyeyusha ziwe kitu kimoja. Faili la namna hio ukilituma Malindi au popote halihitaji fonti, na mashine ya kukata inazunguka nje ya neno tu bila kuingia kwenye viungo.

Tukapiga marufuku pia kuandika mwandiko kwa herufi kubwa tupu. Kwenye maboksi binti alikuwa ameandika EMBE KALI kwa ile fonti na ilikuwa kama waya zilizochanganyikana, kwa sababu herufi kubwa ya mwandiko imechorwa isimame mbele peke yake na ifuatwe na ndogo. Akitaka herufi kubwa atumie zilizonyooka. Tazama jina la kanga, yale maneno yanayoandikwa kwenye nguo, kwa kawaida liko kwa herufi kubwa zilizonyooka na mtu akikupita kichochoroni ujumbe umeupata. Vile vile kutanua nafasi kati ya herufi ili neno lijaze upana, marufuku, mikono inaachiana.

Uamuzi wa mwisho ndo niliobishana nao kidogo na binti. Nilitaka tuache nafasi nyeupe chini ya lebo, mama aandike tarehe ya kupika kwa mkono wake. Binti akasema tunarudi kule kule. Lakini tarehe ni neno moja fupi, inabadilika kila wakipika, kuiprinti ni gharama, na chupa ikiwa na alama moja ya kalamu ya kweli basi fonti ya juu haihitaji tena kujifanya. Mama akakubali, binti akanyamaza.

Matokeo

Lebo mpya zilianza na embe. Kali ikapewa ukanda mwekundu, kiasi ukanda wa kijani, neno lenyewe kwa herufi kubwa nyeupe zilizonyooka. Shela hakuna tena aliyechanganya. Simu za wateja wapya zikarudi. Stika ya kasha la baridi ikaja nzima kutoka Malindi, na kwa boti inayovusha mzigo hatukuweka stika kabisa, tulichapa jina kubwa kwenye karatasi, fundi anayeandika majina ya vyombo akalifuata kwa brashi na rangi ya mafuta. Hio ndo kazi nzuri kuliko zote, kwa sababu yeye hakunakili tu, pale mkia ulipokuwa mwembamba akaunenepesha kwa ajili ya chumvi ya bahari.

Si yote yaliyokwenda sawa. Lebo za kwanza ziliprintiwa kwa printa ya wino wa maji, chupa ikitoka kwenye friji inatoka jasho na viungo vikaanza kutambaa, tukahamia printa ya leza. Makapeni ya mama ilifutika kwa mafuta ya achari ya mikononi mwa wapishi, sasa anaandika tarehe kabla chupa haijajazwa na juu anabandika ukanda wa selotepu. Binti alitaka pia jina lidariziwe kwenye aproni, kwa udogo wa kifua, na uzi ukaziba matundu yote ya a na o, likaonekana doa. Aproni zikachapwa kwa rangi badala yake.

Na kuna mteja mmoja wa zamani, mwenye nyumba Shela, aliyesema lebo mpya ni safi lakini ile ya tepu alikuwa anaipenda zaidi. Simlaumu.

Uchambuzi wangu

Kosa la lebo ya kwanza halikuwa fonti mbaya, ingawa ilikuwa mbaya. Hata wangeanza na Caveat wakaijaza lebo nzima, namba ya simu ingesomeka, lakini kali na kiasi zingeendelea kuchanganywa kwenye friji lenye giza. Mwandiko wa kawaida kawaida una kazi yake, jina, salamu, maneno mawili ya "karibu tena" kwenye risiti, kichwa cha menyu, bango la sherehe. Unafanya mtu ahisi amesemeshwa. Ukiupa orodha ya viungo unakuwa kama mtu anayekusimulia namba ya akaunti kwa kuimba.

Kilichosaidia zaidi ya vyote, kuliko hata uchaguzi wa fonti, ni kupima kwa ukubwa wa kweli kwenye chupa ya kweli na mtu aliyekaa mbali. Karibu kila tatizo la lebo ya kwanza lingeonekana hapo hapo kwa gharama ya karatasi moja. Pia andika maneno yako mwenyewe unapojaribu fonti, usitazame yale ya mfano waliyoweka wenye fonti, wao wanachagua maneno ambayo fonti yao inapendeza. Kiswahili kina mm, kina aa na oo, kina ng' yenye kialama chake, kina mw na ny zinazojirudia kila mstari, na fonti inayocheza vizuri kwa Kiingereza inaweza kuvunjika kwenye "mmoja" au ikakosa kile kialama kabisa.

Kilichoshindwa ni matumaini ya binti kwamba fonti itachukua nafasi ya mkono wa mama, na hapo nadhani tatizo ni kubwa kuliko programu. Mama akiandika "embe kali" mara nyingi, kila moja ina haraka yake, kuna ile ya mwisho wa usiku ambapo e imefunga. Fonti hata iwe na a tatu inazunguka kwenye hizo tatu.

Ingawa hawajaacha. Sasa binti anataka mwandiko wa mama wenyewe ugeuzwe fonti, na nimewasaidia kuanza. Hatukumpa ile karatasi ya viboksi vya a, b, ch, kwa sababu herufi ikiandikwa peke yake kwenye kiboksi mtu anaichora kwa adabu, haifanani na anavyoandika kweli. Tulimpa maneno mazima, majina ya achari, majina ya siku, maneno ya sokoni, aandike kwenye karatasi nyeupe bila mistari, kisha tunakata herufi kutoka humo, a nne, i nne, m mbili. Tarakimu kaandika mara nyingi kuliko herufi na 1 yake ni kijiti. Kurasa za kwanza zimeskaniwa, vokali ziko tayari, ng' na zile mm bado hazijakaa sawa.